Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Katika gazeti la Kiswahili hakuna utungo mfupi kuliko ule unaokaa chini ya kichwa cha habari na juu ya aya ya kwanza, ambao msomaji huuruka bila ya kujua kwamba ameuruka: Na Mwandishi Wetu, Kibaha. Ni maneno manne tu. Mhakiki wa fasihi aghalabu hauoni kuwa ni kazi yake, maadam kwake gazeti ni mahali pa mashairi ya ukurasa wa ndani na hadithi za mfululizo. Habari zenyewe huwaachia watu wa siasa na wa historia. Hata hivyo maneno hayo manne yana mtunzi, yana mtindo, yana la kuficha, na huenda yameiathiri nathari ya Kiswahili kuliko riwaya nyingi zinazosomeshwa skuli.

Yafaa kuyatazama moja moja. "Na" hapa humtaja mtenda: jambo limefanywa na fulani. Kwa hiyo msomaji ameahidiwa mtu. "Mwandishi" ni jina la kazi, na kazi haina uso. "Wetu" ndipo penye utamu, na ndipo penye mtego. Kiswahili kimezitia "wetu" mbili katika neno moja: ile inayomwingiza anayeambiwa na ile inayomtoa. Mama akimwambia baba "mtoto wetu", mtoto ni wa wote wawili. Akimwambia mgeni, mgeni hamo. Gazeti linapomwambia msomaji "mwandishi wetu", sauti yake ni ya kwanza, kana kwamba msomaji naye ana fungu lake katika mtu huyo, ilhali maana yake ni ya pili: ni wa kampuni. Na hata kwa kampuni umiliki huo una shaka, kwani wengi wanaoandika kutoka mikoani hawana mkataba wa ajira wala mshahara wa mwezi. Ni wetu siku habari inapochapwa. Siku anapougua ni mwandishi wa kujitegemea. Linabaki neno la nne, Kibaha, ambalo peke yake lina ukweli wa kutosha, ingawa nalo ni pana mno.

Ichukuliwe Sofu. Ni kata mojawapo ya mji wa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, mji ulio kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Haina umaarufu wa Tumbi, yenye kulijua Shirika la Elimu Kibaha lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963, wala wa Maili Moja, jina ambalo kila asafiriye kwenda bara amepata kulisikia likitajwa na utingo. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa kwa mfano. Kata ya namna hii huingia gazetini kwa mlango mmoja wa kisarufi: wakazi wa kata fulani, wilayani fulani, wameiomba Serikali. Kitenzi ni kuomba, na anayeombwa ni Serikali. Kinachoombwa hubadilika, leo maji, kesho barabara, kesho kutwa hati za viwanja, lakini kitenzi ni kile kile. Aya ya pili huanza "Wakizungumza kwa nyakati tofauti", na hapana msomaji aliyewahi kuambiwa nyakati hizo zilikuwa zipi wala zilitofautiana kwa lipi. Mwishoni huja "Kwa upande wake", naye ni kiongozi, na kitenzi chake ni kutaka: amewataka wananchi wawe wavumilivu. Wananchi wameomba, mkubwa amewataka. Utawala mzima wa nchi umeelezwa kwa vitenzi viwili, na mwandishi hakukusudia kuueleza.

Watu hawasemi hivyo. Katika mkutano wa mtaa yupo anayesema kwa hasira, yupo anayesema kwa dhihaka, yupo bibi anayesimulia kisima cha zamani kwa urefu mpaka mwenyekiti akamkatiza, yupo kijana aliyekaa nyuma asiyesema kitu ila akacheka mahali pasipochekwa. Mwandishi aliyekuwapo aliyasikia yote. Kisha "wameiomba" ikayachukua yote, ikayatia mfuko mmoja, ikaufunga. Dhihaka imekuwa ombi, na hasira imekuwa ombi. Akiwa mtunzi wa riwaya tungemshitaki kwa kuwaua wahusika wake. Akiwa mwandishi wa habari, mhariri humwambia kwamba ameandika vizuri.

Ni rahisi kuuita huo uvivu, na wahariri wengi huuita hivyo kwenye semina. Lakini mtindo una sababu, na sababu ya mtindo huu iko katika namna kazi inavyofanywa. Mwandishi wa mkoani asiye na mkataba hulipwa kwa habari iliyochapwa. Iliyoandikwa ikatupwa haina thamani, na nauli aliyoitumia kuifuata haina wa kuirejesha. Kwa hiyo hujifunza upesi ni habari ya umbo gani inayopita mezani bila ya kuulizwa maswali, na akishalijua umbo hilo halibadilishi, kama mshonaji asivyobadilisha mshono wa sare. Habari ya bibi na kisima ingemtaka arudi Sofu mara ya pili na ya tatu, na kila safari ni ya mfukoni mwake. Habari ya semina ina bahasha ya nauli mlangoni. Habari ya ziara ya kiongozi ina kiti katika gari, na anayepewa kiti katika gari la mkubwa ataandika safari ya mkubwa: alikozuru, alichokagua, alichoagiza. Sofu basi huonekana kwa dirisha la gari, siku gari linapopita. Ndiyo maana katika kurasa za mikoani mahali hujulikana kwa wageni waliopafikia kuliko kwa watu wanaoishi hapo.

Sheria haikuwa kimya. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iligusa bima na hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wa vyombo vya habari, na mwaka 2023 Serikali iliunda kamati chini ya Tido Mhando, mtu aliyepitia BBC, TBC na Azam, kutazama hali ya uchumi wa vyombo hivyo. Lakini sheria husema "mfanyakazi", na mfanyakazi ni mwenye mwajiri. Aliye "wetu" kwa siku moja ya kuchapwa hukaa nje ya neno hilo, na mhakiki anayejua uzito wa ngeli na viambishi hatashangaa kuona kwamba mtu anaweza kukosa pensheni kwa sababu ya nomino.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Gazeti la Msimulizi, lililoanza kuchapwa Kiungani hapa Unguja mwaka 1888, liliishi kwa barua zilizotoka vituo vya misheni mbali mbali. Kiongozi, lililochapwa Tanga kuanzia 1904 hadi vita vilipolizima mwaka 1916, lilitegemea habari za walimu na wanafunzi wa skuli za serikali ya Kijerumani. Mambo Leo, lililoanza 1923 chini ya Waingereza, lilikuwa na ukurasa wa Habari za Miji, na watu wa miji hiyo ndio walioujaza: mvua imenyesha, chui ameonekana, harusi imefana, liwali amehamishwa. Waliokuwa wakiandika walitaka waonekane wameandika. Kutajwa gazetini ndiko kulikokuwa malipo yao. Isidhaniwe kwamba zama hizo zinasifiwa. Magazeti hayo yalikuwa ya misheni na ya dola, na mwandishi hakuweza kulisema lisilopendwa na wenye mtambo. Ila kuna kejeli isiyoweza kupitwa kimya: mkoloni aliyamwachia mwandishi jina lake na kumnyima ulimi, na soko huria la magazeti lililofunguka katika miaka ya 1990 likampa ulimi kwa kiasi na kulichukua jina.

Kwa mila ya utungo wa Kiswahili hilo ni jambo geni kabisa. Mtunzi wa utenzi hakuondoka uwanjani bila ya kujitaja. Katika beti za mwisho aliweka jina lake au la ukoo wake, tarehe ya Hijria, na mara nyingi idadi ya beti, ili atakayenakili asiongeze wala asipunguze. Mwana Kupona, akimwandikia binti yake wosia, aliuwekea utungo wake mwaka 1275, nao ni 1858 kwa hesabu ya Miladi. Alikuwa mgonjwa na hata hivyo hakuisahau tarehe. Hesabu ya beti ilikuwa kufuli, na jina lilikuwa dhamana: likikosewa jambo, mlango wa kubisha unajulikana. Washairi wa magazetini waliirithi mila hiyo. Beti ya kwanza humwomba mhariri nafasi, ya mwisho humtaja mtunzi na mji wake, na aliyetaka kujificha alijificha nyuma ya lakabu aliyoichagua mwenyewe. Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, naye alikuwa haoni, na hapakuwa na msomaji wa mashairi asiyejua ni nani anayesema. Lakabu ni vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. "Mwandishi Wetu" ni kanzu ya kuazima iliyotundikwa mlangoni, huvaliwa na kila anayepita: aliyelala Kisarawe kijijini siku tatu akitafuta ukweli, na aliyeketi ofisini akanakili taarifa ya idara kwa waandishi wa habari. Kwa macho ya msomaji wote wawili ni mtu mmoja. Hapo ndipo dhuluma ilipo, na ni dhuluma ya kifasihi kabla ya kuwa ya mshahara: jitihada na unakili vimepewa sahihi moja.

Redioni haikuwezekana kufanya hivyo. Sauti haiazimwi. Aliyesoma taarifa Sauti ya Unguja au Radio Tanzania alijitaja, na hata asipojitaja mabarazani watu walimjua kwa kukohoa kwake.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba kutotajwa ni kinga. Zanzibar haihitaji kufundishwa gharama ya jina. Ali Nabwa, mhariri wa Dira, aliandika kwa jina lake. Gazeti likafungiwa Novemba 2003, na dola ikautilia shaka uraia wake mwenyewe. Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten mkoani Iringa, aliuawa Nyololo tarehe 2 Septemba 2012 akiwa kazini mbele ya askari, na wengi nje ya Iringa walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kama kuficha jina kunamfikisha mtu nyumbani kwake jioni, mhakiki wa lugha akae pembeni. Lakini kinga ya kweli huwa na masharti mawili: anayekingwa awe ameiomba, na anayemkinga awe tayari kusimama mbele yake. "Mwandishi Wetu" wa kila siku hakuulizwa, na katika mji kama Kibaha haumfichi kwa yeyote anayemtafuta. Ofisa aliyekasirishwa na habari anajua ni nani aliyekuwa mkutanoni na kalamu. Anayefichwa hasa ni kwa msomaji.

Palipolipima jambo hili ni kusini ya mkoa huo huo wa Pwani. Kati ya 2015 na 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na vitongoji, wengi wao wa chama tawala, na ya askari. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa mara moja. Azory Gwanda aliishi Kibiti na kuandika kutoka huko. Aliyaandikia Mwananchi na The Citizen, magazeti ya Mwananchi Communications, kampuni kubwa ya habari ambayo wakati huo ilimilikiwa na Nation Media Group ya Nairobi, naye alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Tarehe 21 Novemba 2017 alimfuata mkewe shambani akiwa na watu ndani ya gari jeupe, akamuuliza ufunguo wa nyumba, akamwambia ana safari ya dharura na kwamba angerudi kesho yake. Mkewe aliporudi nyumbani alikuta vitu vimepekuliwa. Mapema Desemba kampuni iliitangazia nchi kwamba mwandishi wake hajulikani alipo. Ndipo nchi ikalijua jina. Mtu aliyeandika juu ya waliouawa alihitaji kukosekana mwenyewe ili msomaji amtambue, na tangu hapo Azory akaulizwa kwa jina lake moja, kama aulizwavyo jirani.

Mhakiki anaposoma yaliyoandikwa juu yake tangu siku hiyo hukuta vitenzi vinavyohangaika. "Alitoweka" ndicho kilichotumika zaidi. Kitenzi hiki hakina mtendwa: umande hutoweka, moshi hutoweka, na hakuna anayeulizwa kwa nini. "Amepotea" ni kibaya zaidi, kwani aliyepotea amekosa njia, na kosa ni la miguu yake. "Ametekwa" kinakiri kwamba kuna mkono, ila umbo lake la kutendwa linaruhusu mkono huo usiwe na mtu. "Hajulikani alipo" kinamficha asiyejua: hajulikani kwa nani? Katika miaka hiyo hiyo msemo "watu wasiojulikana" ulikuwa umekwisha kuota mizizi katika magazeti na vinywani, mpaka ukawa kama jina la kikundi chenye katiba. Ukiwekwa karibu na ule mstari ulio chini ya kichwa cha habari, udugu wao huonekana waziwazi. Kila mmoja huanza na "na", kila mmoja huahidi mtenda, na kila mmoja huyeyusha ahadi. Msomaji wa Kiswahili amezoeshwa kusoma habari iliyoandikwa na asiyejulikana juu ya kitendo kilichofanywa na wasiojulikana, na amezoea kiasi cha kutosikia kwamba sentensi zote mbili zina shimo mahali pamoja.

Julai 2019 Palamagamba Kabudi, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, aliulizwa na BBC juu ya Azory. Akajibu kwa Kiingereza kwamba alitoweka na kufa. Muda mfupi baadaye akaeleza kuwa maneno yake hayakufahamika alivyokusudia. Kwa mfasiri, sentensi ile ilikuwa mtihani. Kiingereza kiliviunganisha vitenzi viwili kwa kiungo chepesi, kimoja baada ya kingine, kama hatua mbili za safari moja. Kiswahili kina wepesi huo huo, na "alitoweka, akafa" ni sarufi safi. Lakini "ka" ya masimulizi humtaka msimulizi awe amefuatana na tukio. Anayesema "akafa" anasimulia kama aliyeona au kama aliyeambiwa na aliyeona. Magazeti mengi yaliitafsiri kauli hiyo kwa "alitoweka na kufariki", kwa heshima ya msiba, na kwa heshima hiyo swali la shahidi likalainika. Mahali pengine tafsiri ya adabu huharibu kuliko tafsiri ya kosa.

Fasihi ya Kiswahili haikuwa na uhaba wa waajiriwa walioandika kazi zao. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, tangu forodhani mpaka idara ya wanyamapori, na katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini uhamisho, ukubwa wa kazi na udogo wa cheo vimeandikwa kwa jina lake na kwa kipimo chake. Ken Walibora, aliyesoma habari za Kiswahili katika televisheni za Nairobi, aliacha tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama. Wa namna hii walikuwa na ofisi, au walikuwa na sauti iliyojulikana. Mwandishi wa kata na wilaya, anayezijua Sofu, Maneromango na Jaribu kwa vumbi lake, karibu hana kitabu.

Na kitabu hicho hakitakuwa kazi nyepesi kwa atakayejaribu kukikusanya. Mshairi aliyechapwa gazetini miaka thelathini anaweza kukusanyiwa diwani baada ya kufa, kwani kila shairi lina jina mwishoni. Mkusanyaji huhitaji makasi, gundi na subira. Atakayetaka kukusanya habari za Pwani za 2015 hadi 2017 ataingia maktaba, atafungua majalada, na ataanza kunakili. Zenye jina atazipanga kwa jina. Kisha atafika kwenye lile fungu kubwa zaidi, ukurasa baada ya ukurasa, Na Mwandishi Wetu, Kibiti. Na Mwandishi Wetu, Mkuranga. Na Mwandishi Wetu, Kibaha. Na ataweka kalamu chini, kwa kuwa haitawezekana tena kujua ipi ni ya nani, ipi ilinakiliwa ofisini, na ni ipi ambayo mtu aliilipia nauli yake.